Wekundu Usioalikwa: Vyuma Viwili, Daraja la Oksijeni na Bipiridini

Tia chembe ya chumvi ya chuma(II), yaani chuma kilichopoteza elektroni mbili, kwenye maji yenye bipiridini, molekuli inayoshika chuma kwa naitrojeni zake mbili, na kabla hujaweka kijiko chini maji yamekuwa mekundu kama yaliyochemshiwa bitiruti. Ferdinand Blau, aliyeipata bipiridini mwaka wa 1888 kwa kuunguza chumvi ya shaba ya asidi ya pikolini, aliuona wekundu huo zamani hizo, na hadi leo hutumika kupimia chuma katika maji. Kwa mpima maji ni baraka. Kwa anayetaka kuunda kompleksi (chuma pamoja na molekuli zilizokishika) ya vyuma viwili vilivyoungwa kwa daraja la oksijeni, wekundu huo ndio mwizi wa kazi yake yote.

Makala haya ni ya wale wanaofanya kazi hii katika maabara za huku kwetu, Maseno, Njoro, Kakamega na Kisumu mjini, mahali ambapo joto, maji na stima vina usemi wao katika matokeo. Maelezo mengi ya kazi hii huandikwa kana kwamba chuma kikishapewa bipiridini mbili kitatulia nazo. Hakitulii. Ukielewa ni kwa nini, karibu kila tahadhari iliyo hapa chini utaweza kuibuni mwenyewe.

Chuma(II) hupokea bipiridini moja moja. Logi ya uthabiti wa ile ya kwanza (kipimo cha jinsi inavyoshikwa kwa nguvu) ni karibu 4.3, ya pili karibu 3.7, na ya tatu huruka hadi karibu 9.5. Si kawaida ligandi (molekuli inayoshika chuma) ya mwisho kushikwa kwa nguvu kuliko ya kwanza. Sababu ni kwamba bipiridini ya tatu inapoingia, elektroni sita za nje za chuma (za d) hujipanga jozi jozi katika ngazi ya chini, na kompleksi nzima hupata utulivu mkubwa. Kwa hiyo chuma(II) chenye bipiridini mbili hakidumu. Kitamnyang'anya jirani yake bipiridini moja ili kiwe na tatu, na jirani aachwe mtupu.

Chuma(III), kilichopoteza elektroni tatu, hakina uroho huo. Katika maji yenye asidi kidogo hushika bipiridini mbili, kisha vyuma viwili hukutana na kushirikiana oksijeni moja katikati, huku molekuli ya maji ikikaa kwenye nafasi iliyobaki ya kila kimoja. Matokeo yake ni [Fe₂O(bpy)₄(H₂O)₂]⁴⁺, ambapo bpy ni bipiridini. Wanabiokemia huipenda familia hii kwa sababu jozi za chuma na oksijeni hufanya kazi katika hemerithrini, ambayo hubeba oksijeni ndani ya baadhi ya minyoo wa baharini, na katika kimeng'enya ambacho bakteria hutumia kugeuza methani kuwa methanoli. Wanaelektrokemia nao huipenda kwa sababu daraja hilo hupokea na kutoa elektroni na protoni kwa pamoja.

Kuunda

Anza na vyombo. Vioshe kwa asidi ya nitriki ya asilimia 10, usitumie asidi ya haidrokloriki, kwa maana kloridi hupenda kukaa pale tunapotaka maji yakae. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, mara tatu. Kwa walio Nakuru hili si jambo la kupuuza. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na ndiyo maana baadhi ya nyumba huko hutumia vichujio vya mkaa wa mifupa. Floridi hushika chuma(III) kwa nguvu sana, kwa hiyo maji ya bomba yasibaki ndani ya bika. Vilevile tumia kijiko cha plastiki. Kijiko cha chuma kilichoanza kushika kutu huongeza chuma ambacho hukukipima.

Pima gramu 0.808 za nitrati ya chuma(III) yenye molekuli tisa za maji, yaani milimoli 2.00, uyeyushe katika mililita 10 za maji yaliyokenekwa. Fuwele zake nzuri zina zambarau hafifu. Zikiwa za kahawia na zimegandana, zimeshanyonya unyevu na kuanza kuharibika, na uzito uliopima si wa kuaminika. Hilo hutokea upesi kando ya ziwa, kwa hiyo chupa ikae ndani ya desiketa (chombo cha kukaushia) na isiachwe mezani.

Pima gramu 0.625 za bipiridini, milimoli 4.00, uyeyushe katika mililita 5 za ethanoli. Maji peke yake hayatoshi, kwa kuwa lita nzima huyeyusha gramu sita hivi tu. Kisha mimina bipiridini ndani ya chuma, polepole, kwa dakika kumi, ukikoroga. Usigeuze mpangilio huo. Ukimimina chuma ndani ya bipiridini, matone ya mwanzo hukuta ligandi tele, na chembe yoyote ya chuma(II) iliyomo hupata ya tatu papo hapo.

Myeyusho utakuwa kahawia. Sasa angalia pH. Daraja linapoundwa hutoa protoni: vyuma viwili, bipiridini nne na molekuli tatu za maji hutoa kompleksi moja na protoni mbili. Protoni hizo zikiachwa hukimbilia kwenye bipiridini, ambayo pKa yake (pH ambayo nusu yake imeshika protoni) ni karibu 4.4, na kuizuia isishike chuma. Kwa hiyo tia myeyusho wa sodiamu baikaboneti wa moli 0.5 kwa lita, tone baada ya tone, ukisubiri mapovu yaishe kabla ya tone jingine, hadi pH ifike kati ya 3.5 na 4. Kwa kiasi hiki cha chuma isizidi mililita 4. Ukipita pH 5 utaona tope la rangi ya udongo wa Kakamega, ambalo ni haidroksidi ya chuma, na hilo halirudi kwa kuongeza asidi kidogo. Kutumia sodiamu asetati badala ya baikaboneti ni kosa linalofanywa na wengi kwa nia njema. Asetati huwa daraja la pili kati ya vyuma viwili, na utakuwa umeunda kompleksi nyingine kabisa.

Usipashe moto. Ethanoli ipo, chuma(III) kipo, na joto huwasaidia kubadilishana elektroni. Mwanga nao hufanya vivyo hivyo. Myeyusho wa aina hii ukiachwa kwenye dirisha linaloelekea magharibi, jua la saa tisa la Kisumu hukipunguza chuma(III), yaani hukifanya kipokee elektroni, kiwe chuma(II), na wekundu huingia kutoka ukingoni. Funika bika kwa karatasi ya alumini tangu mwanzo.

Ongeza mililita 5 za myeyusho mzito wa sodiamu nitrati, weka kwenye barafu, subiri saa kadhaa. Fuwele zikikataa kutoka, usiongeze chumvi bila kikomo. Weka bika katika desiketa yenye silika jeli upunguze maji taratibu. Chuja, osha kwa maji machache ya barafu, kisha ethanoli baridi, ukaushe katika desiketa hiyo hiyo. Oveni isikaribie. Uzito wa moli, bila kuhesabu maji ya ziada ya fuwele, ni 1036.5, kwa hiyo gramu 1.04 ndicho kikomo cha juu. Ukipata zaidi, umepima sodiamu nitrati.

Wengine huanza na kloridi ya chuma(III) kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini. Inawezekana, lakini ncha, yaani zile nafasi zilizokaliwa na maji, zitashika kloridi badala yake, na katika kiyeyushi kisicho na maji ya kutosha hupata unga wa manjano ambao ni chumvi ya vyuma viwili visivyounganishwa: kimoja kikiwa na bipiridini mbili na kloridi mbili, kingine kikiwa FeCl₄⁻. Uwiano wa chuma na kloridi unaweza kukudanganya. Rangi na sumaku havitakudanganya.

Kuhusu perklorati, ambayo wengine huitumia badala ya nitrati, hapa sina msimamo wa kati. Chumvi za perklorati za kompleksi zenye ligandi za kaboni zimewahi kulipuka zikikwanguliwa tu zikiwa kavu. Heksafluorofosfati inatosha kwa kazi zote za asetonitrili, mradi usiiache siku nyingi ndani ya myeyusho wenye asidi na chuma(III), kwa maana huvunjika polepole na kutoa ile floridi tuliyokuwa tukiikimbia.

Kumfanya mwizi awe shahidi

Hapa ndipo naona kazi nzuri hutofautiana na ya kubahatisha. Huhitaji mashine ya eksirei ili kujua kama kila chuma kina bipiridini mbili. Spektrofotomita ya kawaida inatosha, kwa sababu kompleksi nyekundu ya bipiridini tatu hufyonza mwanga kwa nguvu katika nanomita 522, na kipimo chake cha ufyonzaji ni karibu 8,650 kwa moli kwa lita kwa sentimita.

Yeyusha miligramu 10.4 za fuwele zako katika mililita 100 za bafa (myeyusho unaoshikilia pH) ya asetati yenye pH 5. Asetati haina madhara hapa, kwa sababu tunakwenda kuibomoa kompleksi kwa makusudi. Chukua chupa tatu za kupimia za mililita 10, na kila moja itie mililita 5 za myeyusho huo. Ya kwanza ijaze kwa bafa tu. Ya pili iongezee mililita 1 ya vitamini C ya milimoli 10 kwa lita, yaani miligramu 17.6 katika mililita 10, iliyotengenezwa siku hiyo hiyo, kisha uijaze. Ya tatu itie vitamini C vilevile, pamoja na mililita 1 ya bipiridini ya milimoli 5 kwa lita. Ziweke gizani nusu saa, soma, na urudie kusoma hadi namba isimame.

Vitamini C hupunguza chuma chote kuwa chuma(II). Daraja huvunjika, na vyuma huanza kunyang'anyana. Kwa kuwa kila vyuma viwili vina bipiridini nne tu, theluthi mbili ya chuma hupata tatu tatu, na theluthi moja huachwa bila kitu. Chupa ya pili inapaswa kusoma karibu 0.577. Katika chupa ya tatu kila chuma kimepata haki yake, nayo inapaswa kusoma karibu 0.865. Gawanya ya pili kwa ya tatu: theluthi mbili, 0.667. Kwa vitendo utapata pungufu kidogo, karibu 0.65 au 0.66, kwa sababu bipiridini chache hubaki huru ndani ya maji.

Uwiano ukiwa 0.5, una haidroksidi ya chuma ndani ya fuwele zako, au bipiridini haikutosha. Ukikaribia 1, umechuja kompleksi nyekundu au bipiridini iliyobaki bila kuoshwa. Usomaji wa chupa ya tatu peke yake hukuambia jambo jingine pia. Ukiwa 0.80 badala ya 0.865 huku uwiano ukiwa sawa, uzito halisi wa moli ni karibu 1,120, yaani fuwele zimebeba molekuli tano hivi za maji. Andika uzito huo kwenye chupa, maana ndio utakaoutumia katika hesabu zote zinazofuata.

Chupa ya kwanza, isiyo na vitamini C, iangalie kwa makini kuliko zote. Kompleksi ya vyuma viwili hufyonza mwanga kidogo katika eneo hilo, kwa hiyo chora mstari mzima kuanzia 400 hadi 650 usiishie kusoma namba moja. Kilele kinachosimama peke yake kwenye 522 ni mwizi. Katika myeyusho wa milimoli 1 kwa lita, kompleksi nyekundu ikiwa asilimia moja tu ya moli husoma 0.087.

Mizani ya sumaku, kama ipo, hutoa ushahidi wa pili kwa dakika tano. Chuma(III) chenye elektroni tano huru kingeonyesha 5.9 za magnetoni ya Bohr. Vyuma viwili vinavyosemezana kupitia oksijeni hukinzana, na katika joto la chumba kila kimoja huonyesha chini ya 2 hivi. Infraredi nayo ina mtego wake. Mtikisiko wa daraja la Fe–O–Fe huonekana kati ya 800 na 850 kwa sentimita, na heksafluorofosfati ina bendi pana karibu na 840 inayoufunika wote. Pima chumvi ya kloridi, au ya nitrati ukikumbuka kwamba nitrati nayo ina bendi nyembamba karibu na 830. Tembe ya potasiamu bromidi ikionekana na ukungu, ni unyevu wa ziwa: kausha potasiamu bromidi tupu kwenye oveni, kisha utengeneze tembe mpya.

Kwenye elektrodi

Hapa tunapandisha na kushusha volti kwenye elektrodi huku tukipima mkondo. Kabla ya kugusa kompleksi ya vyuma viwili, tengeneza rula, yaani kompleksi ya kulinganishia. Rula ni ile ile nyekundu, safari hii kwa makusudi: gramu 0.392 za salfati ya amonia na chuma(II), yenye molekuli sita za maji, ndani ya maji, gramu 0.469 za bipiridini ndani ya ethanoli, kisha gramu 0.40 za amonia heksafluorofosfati. Mashapo mekundu hushuka mara moja. Osha, kausha, uzito wa moli ni 814.3.

Yeyusha miligramu 8.1 katika mililita 10 za asetonitrili zenye miligramu 387 za tetrabutilamonia heksafluorofosfati, iliyokaushwa kwa nyuzi 80 katika ombwe. Sugua elektrodi ya kaboni-kioo kwa alumina ya mikroni 0.3 kisha 0.05, ukichora umbo la nane kwenye kitambaa, suuza. Pitisha naitrojeni dakika 15, lakini ipitie kwanza kwenye chupa yenye asetonitrili. Gesi kavu hubeba kiyeyushi na kukuachia myeyusho mzito kuliko ulioandika daftarini, na katika maabara ya nyuzi 30 hilo hutokea haraka. Wakati wa kupima, inua bomba la gesi juu ya uso wa myeyusho, usiache mapovu.

Kwa elektrodi ya kipenyo cha milimita 3 na kasi ya milivolti 100 kwa sekunde, tarajia kilele cha karibu mikroampea 19, na vilele vya kwenda na kurudi vikiachana kwa milivolti 60 hadi 80. Kilele kikiwa nusu ya hapo, sugua elektrodi tena. Umbali ukiwa 150, tazama elektrodi ya rejea (ile ambayo volti hupimwa dhidi yake): kizibo chake kimekauka, au ipo mbali na elektrodi ya kazi. Ongeza ferosini, kiwango cha kulinganishia volti, mwishoni. Jozi ya chuma(III) na chuma(II) ya kompleksi nyekundu hukaa karibu volti 0.66 juu yake. Mawimbi madogo yanayopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde hutoka kwenye stima. Mkebe mkubwa wa biskuti uliotobolewa na kuunganishwa na waya wa ardhi wa potenshiostati (mashine inayodhibiti volti) huyamaliza, na kuzima feni ya darini husaidia. Chomeka mashine kwenye betri ya akiba, kwa sababu stima ikipotea katikati ya mzunguko, elektrodi hubaki kwenye volti usiyoijua.

Sasa vyuma viwili. Napendelea maji kuliko asetonitrili, kwa kuwa asetonitrili huanza kuyafukuza yale maji ya nchani, na mchoro wa dakika ya tano hautafanana na wa saa moja baadaye. Tumia sodiamu nitrati ya moli 0.1 kwa lita, pH 4, na kompleksi ya milimoli 1 kwa lita. Elektrodi ya rejea ya fedha na kloridi ya fedha iwe na chumba cha pili kilichojazwa sodiamu nitrati, ama sivyo kloridi itavuja na kufika kwenye vyuma vyako.

Anza kwenye +0.5 V na upande hadi +1.0 V, urudi. Mstari ukiwa tambarare, myeyusho ni safi. Kukiwa na kilele karibu na +0.85 V, usiendelee. Huyo ni mwizi, na hukumwondoa.

Mstari ukiwa tambarare, geuza mwelekeo. Shuka hadi +0.4 V, kisha panda hadi +1.0 V. Mzunguko unaofuata shuka hadi +0.3 V, unaofuata +0.2 V, na kuendelea hivyo hatua kwa hatua, ukisugua elektrodi kati ya kila jaribio. Patafika mahali kilele cha kupokea elektroni kitatokea bila mwenzake wa kurudi, na katika mpando huo huo kilele kipya kitachomoza karibu na +0.85 V. Elektroni imeingia, daraja limekatika, chuma(II) kimenyang'anya bipiridini ya tatu. Hapo maji yamekwisha kumwagika. Volti ambayo hilo linaanza ndiyo namba ya kuandika, pamoja na pH yake, kwa kuwa protoni hushiriki katika kulivunja daraja, na kubadilisha pH kutoka 3.5 hadi 4.5 huisogeza.

Jaribio la kasi huja baadaye. Rudia kwa milivolti 100, 500, 1,000 na 5,000 kwa sekunde. Kilele cha kurudi kikianza kuonekana kwenye kasi kubwa huku kile cha +0.85 V kikipungua, umeishika hali ya kati, chuma(II) na chuma(III) vikiwa bado vimeshikana, kabla haijavunjika. Kisipoonekana hata kwenye kasi hiyo, daraja huvunjika upesi kuliko mashine yako inavyoweza kufuata, na hilo nalo ni tokeo halali la kuripoti. Usichukue wastani wa kilele kimoja na kivuli chake ukauita potensheli ya nusu.

Oksijeni ya hewa hupunguzwa kwenye kaboni-kioo upande huo huo wa hasi, kwa hiyo kila mchoro uwe na mwenzake wa sodiamu nitrati tupu, uliopitishiwa naitrojeni kwa dakika zile zile.

Mabaki ya asetonitrili yasimwagwe kwenye sinki, yawekewe chupa yake yenye lebo. Fuwele zilizobaki ziweke katika chupa ya kahawia ndani ya desiketa. Kila unapozitoa kwa kipimo kingine, chora kwanza mstari wa 400 hadi 650 wa myeyusho mpya na uulinganishe na ule wa siku ya kwanza.